Ubao wa Balsa na Baba Mwenye Haraka



Ndugu msomaji, wiki iliyopita niliahidi kuendeleza mazungumzo yetu juu ya watoto na simu za mkononi. Naomba uniwie radhi, ahadi hiyo nitaitimiza wiki ijayo inshaAllah. Leo nina deni la kukiri kosa nililolifanya ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kosa hilo limefungamana na kipande cha ubao.

Likizo ya Juni, shemeji yangu anayeishi Leicester, Uingereza, alimpa msafiri kisanduku atuletee. Ndani yake mlikuwa na mbao tatu nyembamba za unene wa milimita 3, ubao mwingine mwembamba zaidi wa milimita 1.5, chupa ndogo ya gundi, karatasi za msasa, udongo wa kufinyangia, na mchoro wa ndege ndogo ya kurusha kwa mkono. Ndege yenyewe haina injini wala betri. Inategemea mkono wa mrushaji, umbo la mabawa yake na hewa aliyoiumba Mola. Kisanduku kilikuwa zawadi ya mwanangu mwenye umri wa miaka 11, na jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya kifuniko. Naomba ulikumbuke jambo hilo la jina, kwani mimi nililisahau.

Mbao zile zilikuwa za mti uitwao balsa. Ukiutia ubao wake mkononi utadhani umedanganywa, kwa wepesi wake. Mti huu asili yake ni misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini, na nchi inayoongoza kwa kuuza mbao zake duniani ni Ecuador. Jina lenyewe ni neno la Kihispania lenye maana ya chelezo, kwa kuwa wenyeji wa pwani zile tangu zamani waliyafunga magogo yake wakasafiria baharini. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake watano walifunga magogo 9 ya balsa, wakaondoka Peru na kuelea katika Bahari ya Pasifiki kwa siku 101 hadi wakafika visiwa vya Polinesia.

Tusiuone kuwa mti wa ajabu usiotuhusu. Wataalamu wa mimea wanauweka katika ukoo mmoja na mbuyu na msufi. Tunda lake likipasuka hutoa sufi kama ile tuliyojazia mito ya bibi zetu. Hukua kwa kasi kubwa, na katika miaka 6 hadi 10 huwa tayari kukatwa. Ukiwa mbichi umejaa maji, na hulazimika kukaushwa katika tanuri maalumu. Maji yakishatoka hubakia vijumba vitupu vyenye kuta nyembamba, na humo ndimo wepesi wake ulimo. Mita moja ya ujazo ya balsa aghalabu huwa na uzito wa kilo 100 hadi 200. Mpingo wetu hupita kilo 1,000, ndiyo maana ukitiwa majini huzama.

Sasa nirejee kwenye kosa. Usiku ule nilitoka kwenye kikao cha kamati baada ya Isha, kichwa kimejaa hesabu za ukarabati wa paa la msikiti. Nilimkuta kijana amelala, na kisanduku kiko mezani. Nikasema moyoni, kwa nini nisimfanyie wema, akiamka aikute ndege tayari? Nikachukua kisu cha jikoni.

Bawa katika mchoro ule limegawanywa vipande vinne, kila kimoja cha urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 8. Ubao ulikuwa na upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 45. Mimi ni mtu wa kubana matumizi, kazi ya ukatibu imenifundisha hivyo. Nikaona kwamba nikivilaza vipande kama mchoro unavyoonyesha vitakula sentimita 40 za ubao, ilhali nikivigeuza vitakula sentimita 32 tu. Nikavigeuza. Katika kila kipande mchoraji alikuwa ameweka mshale mdogo, nami nikauona kuwa ni pambo. Juu ya kila ubao kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa penseli: 13, 17 na 27. Nikadhani ni namba za dukani. Nikauchagua wa 13 kwa kuwa ndio uliokuwa juu.

Nikakata, nikapaka gundi kwa ukarimu, nikaunga, nikalala nikiwa nimeridhika.

Asubuhi kijana aliitazama ndege ile, akasema, "Ahsante, baba." Sauti yake haikuwa na furaha niliyoitarajia, lakini sikuzingatia. Tulitoka nje. Nikairusha mimi mwenyewe. Haikufika hata hatua tatu. Bawa la kushoto lilikatika katikati kama biskuti, na sehemu iliyobaki ikaanguka chini kifudifudi. Nikalibandika kwa gundi nyingi na kijiti cha pembeni, nikairusha tena jioni. Safari hii bawa halikukatika, ila upande wa kushoto ulikuwa umekuwa mzito, na ndege ikajizungusha ikapiga ukuta.

Mwanangu aliokota vipande, akavirudisha kisandukuni, akakisukuma kisanduku chini ya kitanda. Kwa siku mbili hakukitaja. Siku ya tatu nilimwuliza kwa nini hatengenezi nyingine, naye akanijibu kwa adabu, macho yakiwa chini: "Baba, ile ilikuwa ndege yangu."

Ndugu msomaji, nimewahi kusimama mbele ya watu wazima wenye hasira juu ya mchango wa msikiti, na nikapata la kujibu. Hapa sikupata.

Nilimwomba radhi. Najua wapo wazee wetu wasioona vyema baba kumwomba mwanawe radhi, lakini haki ya mtoto ni haki. Kisha nikamwambia kwamba zimebaki mbao mbili nene na ule mwembamba, na kwamba mjini kwetu sijui duka liuzalo balsa, kwa hiyo hatuna nafasi ya kukosea tena. Nikamwomba anikubali niwe msaidizi wake. Alifikiri kidogo, akasema kwanza twende kwa babu fundi.

Babu fundi ni seremala wa mtaani kwetu, mzee aliyechonga milango ya nyumba nyingi za hapa. Kijana alimwamkia, akamkabidhi ubao. Mzee hakuwahi kuiona balsa maishani mwake. Aliupima kwa kiganja, akacheka, akauinua kwenye mwanga akautazama ubavuni, kisha akaukunja kidogo kwa urefu na kwa upana. Akamwambia mwanangu, "Mjukuu wangu, mbao ni mbao. Nyuzi zake zinakwenda hivi. Ukiukata ukawa mrefu kwa njia ya nyuzi, utakubebea mzigo. Ukiukata mrefu kwa kuzikatiza nyuzi, umejikatia kuni." Kijana akanitazama, wala hakusema neno. Nami ndipo nilipoelewa ule mshale mdogo: ulikuwa unaonyesha nyuzi za ubao zielekee wapi. Ili kubana sentimita 8 nilikuwa nimeliua bawa zima.

Mzee alituonyesha jambo jingine ambalo waundaji wa ndege ndogo wanalizingatia sana, nalo ni namna ubao ulivyopasuliwa kutoka kwenye gogo. Ubao mmoja ulikuwa na mistari mirefu iliyonyooka, na ulikubali kukunjika kwa upana wake kama karatasi nene. Ubao wa namna hiyo hufaa kufunikia sehemu za mviringo. Mwingine ulikuwa na madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki, nao ulikuwa mkakamavu, ukiulazimisha kukunjika hupasuka. Huo hufaa sehemu zinazotakiwa zibaki bapa, kama mkia na mbavu za bawa. Waundaji huziita aina hizi kwa herufi: ule laini ni A, ule mkakamavu ni C, na ulio kati ya hizo ni B. Kila mmoja una mahali pake, na fundi mwema huutafutia ubao kazi inayolingana na tabia yake.

Na zile namba za penseli? Jirani yetu sonara alitupimia kwa mizani yake ndogo. Ubao wenye namba 17 ulikuwa na gramu 17, na wa 27 ulikuwa na gramu 27. Shemeji alikuwa ametuandikia uzito! Mbao zilikuwa na ukubwa uleule, unene uleule, zote za balsa, na mmoja ulikuwa na uzito unaopita mara mbili ya ule wa 13 nilioupoteza. Ndivyo balsa ilivyo. Kwa hiyo muundaji huupima kila ubao kabla ya kuutumia: mzito na mgumu huenda kwenye kiwiliwili, kinachopokea kishindo cha kutua, wa wastani huenda kwenye bawa, mwepesi huenda mkiani, kwani gramu moja iliyo nyuma kabisa huhitaji gramu kadhaa mbele ili kuisawazisha.

Tukaanza kazi, yeye fundi na mimi msaidizi. Nitaeleza hatua zenyewe, huenda msomaji mwenye kijana nyumbani zikamfaa.

Kisu cha jikoni tulikiweka kando. Kisu butu huziponda nyuzi za balsa badala ya kuzikata. Kinachotakiwa ni wembe mpya wenye kishikio na rula ya chuma. Mkato wa kwanza upite kama unachora tu, wa pili uingie kidogo, wa tatu au wa nne ndio umalize. Ukikata kwa kufuata nyuzi, wembe hupenda kuzifuata na kuiacha rula, kwa hiyo rula ilazwe juu ya kipande unachokitaka, ili wembe ukipotea upotelee upande wa mabaki. Mtoto akatie juu ya ubao mgumu, vidole vikae nyuma ya njia ya wembe, na mtu mzima awepo. Kuwepo, nasema, si kunyang'anya.

Tulipopata vipande vinne vya bawa, kijana alitaka vipimwe tena kwa sonara. Vilikuwa gramu 2.9, 3.0, 3.1 na 3.2, maana hata ubao mmoja haulingani uzito kila mahali. Alikaa na penseli kwa muda, kisha akavipanga: 3.2 na 2.9 upande wa kushoto, 3.1 na 3.0 upande wa kulia. Kila upande gramu 6.1. Vilivyo vizito akaviweka ndani, karibu na kiwiliwili, na vilivyo vyepesi nje. Sikumfundisha mimi hesabu hiyo.

Kisha msasa. Bawa si bamba tu. Ukingo wa mbele huviringwa, sehemu iliyo nene kuliko zote huwa karibu na theluthi ya kwanza ya upana, kisha unene hupungua taratibu hadi ukingo wa nyuma uwe mwembamba. Msasa ufungwe kwenye kipande cha mbao bapa ili usichimbe mashimo, na mfanyaji azibe pua kwa kitambaa, kwani vumbi la balsa ni jepesi na huingia kifuani.

Vipande vinne haviungwi vikalala bapa. Vya nje huinuliwa, na bawa zima likitazamwa kwa mbele hufanana na ndege wa angani aliyetandaza mbawa zake bila kuzipiga. Maana yake ni hii: ndege ikiinama upande mmoja huanza kuteleza upande huo, na bawa la chini likakutana na hewa kwa namna inayoliinua, ikajirudisha sawa yenyewe bila rubani. Gundi ni matone machache yaliyosambazwa vizuri. Ile ya ziada haiongezi nguvu, huongeza uzito tu. Baada ya kuunga, kazi hubanwa kwa pini na kuachwa mpaka ikauke kabisa. "Baba, shika hapa," aliniambia, "ila usibonyeze."

Tulipokuwa tukingoja gundi ikauke nilimsimulia habari za waliotangulia. Nilimweleza juu ya Abbas bin Firnas wa Qurtuba, katika Andalusia ya karne ya 9 Miladia. Mwanahistoria Al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba alijivika manyoya na mabawa akaruka umbali fulani, lakini akaumia mgongo alipotua, na ikasemwa kuwa hakuzingatia kazi ya mkia. Nilimweleza juu ya George Cayley, Mwingereza ambaye mwaka 1804 alitengeneza ndege ndogo isiyo na injini, yenye bawa la tiara mbele, mkia wa kurekebishwa nyuma, na uzito wa kusogezwa ili kupata mizani. Na nilimweleza juu ya Wilbur na Orville Wright. Mwaka 1878 baba yao aliwaletea kichezeo cha kuruka kilichotengenezwa kwa gome jepesi la kizibo, mwanzi na karatasi, kikizungushwa kwa mpira uliosokotwa. Kilipovunjika wakaunda vyao, wakashangaa kuona kila walipokiongeza ukubwa ndivyo kilivyozidi kukataa kuruka. Wilbur wakati huo alikuwa na miaka 11.

"Kama mimi," alisema kijana.

"Kama wewe. Na tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kweli."

Alinyamaza, kisha akauliza, "Baba yao aliwatengenezea?" Nikamjibu kwamba ninavyojua mimi, baba yao aliwaletea tu.

Siku ya tano, baada ya sala ya Alfajiri, tulikwenda kiwanja cha mpira kabla upepo haujaamka. Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta mizani. Ndege huwekwa juu ya ncha za vidole viwili chini ya bawa, karibu na theluthi ya upana kutoka mbele, au pale mchoro ulipotia alama. Mkia ukilala chini, pua huongezewa udongo. Pua ikilala, udongo hupunguzwa. Kisha hurushwa polepole, ikiwa imelala sawa, juu ya majani marefu yanayoweza kuipokea. Ikiinua pua, ikasita, ikadondoka, kisha ikainua tena kama chombo kwenye mawimbi, huongezewa udongo kidogo puani. Ikichupa moja kwa moja kuelekea ardhini, udongo hupunguzwa, au ukingo wa nyuma wa mkia hupuliziwa pumzi ya moto ya kinywa na kukunjwa juu kidogo sana. Hurekebishwa jambo moja kwa wakati mmoja, kisha hurushwa tena. Ukirekebisha mawili kwa pamoja hutajua lipi lililosaidia na lipi lililoharibu.

Aliirusha mara kumi na moja. Mara nne ilichupa, mara nyingine ikayumba kama mlevi. Mara mbili niliufungua mdomo nimwelekeze, nikaufunga. Kila mara aliondoa au kuongeza udongo wa ukubwa wa punje ya mchele, kimya, kama sonara. Mara ya kumi na mbili ilitoka mkononi mwake, ikanyooka, ikapita juu ya mstari wa katikati ya kiwanja, ikazunguka kidogo kuelekea kulia, ikashuka kwa utulivu hadi ikagusa majani. Nilihesabu sekunde 9. Huenda msomaji akaziona chache. Wapo mabingwa duniani ambao ndege zao za balsa zina uzito wa gramu moja na kitu, zinaendeshwa kwa mpira uliosokotwa, na hukaa hewani ndani ya kumbi kubwa kwa zaidi ya nusu saa. Lakini mimi sekunde zile 9 nilizishuhudia nikiwa nimesahau kuvaa viatu vyangu sawasawa, na mwanangu alikuwa akikimbia akicheka chini ya ndege yake.

Aliporudi alinipa niirushe. Nilimwuliza, "Una hakika?" Akasema, "Usitumie nguvu, baba. Iachie tu."

Wazazi wenzangu, sisemi kila mmoja aagize balsa kutoka Ulaya. Sahani nyepesi za povu zinazotupwa baada ya karamu hukatika kwa wembe, na mabaki ya maboksi hufaa kufundishia mizani na mkia. Msufi na mbuyu tunao, ingawa mbao zake si balsa. Muhimu ni mtoto apewe kazi halisi yenye kanuni zake, inayokataa ikikosewa na kukubali ikipatiwa, kisha mzazi akae karibu na mikono yake mwenyewe aidhibiti. Mimi nilidhani ninampa mwanangu ndege. Kumbe nilimpokonya ile sehemu ya zawadi iliyokuwa na thamani kuliko zote, nayo ni kuitengeneza.

Ule ubao niliouharibu hatukuutupa. Kijana amekata kipande chake, akakichora mshale kwa kalamu nyekundu, akakibandika juu ya meza ninapoandikia kumbukumbu za vikao. Wajumbe wa kamati wakiuliza ni nini, huwaambia ni alama ya mafundi mbao. Wiki ijayo tutaendelea na mada yetu ya simu, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.